Chai ya Nikipata

Ukiagiza chai kwa Mayu pale Nyarugusu, haulizi kama una hela. Anauliza, “Ya leo au ya nikipata?”

Ya leo unalipa ukinyanyuka. Ya nikipata inaandikwa. Mayu anavuta daftari la shule alilolifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, analamba kidole, anafunua mpaka kwenye ukurasa wako. Majina rasmi humo hayamo. Mmoja kaandikwa Shati la Yanga, mwingine Mrefu wa Karashani, mwingine Shemeji wa Fundi Redio. Nilipomuuliza sababu, alinijibu bila kuondoa macho kwenye chapati: “Deni ukiliandika kwa jina la ubatizo unamwaibisha mtu. Na mimi nataka arudi.”

Nilikuwa nimetoka Shinyanga kwenda kumwona mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, aliyekaa miaka sita sasa kwenye machimbo ya Geita. Nilipanga siku mbili, nikakaa wiki. Sehemu kubwa ya wiki hiyo iliishia kwenye benchi la Mayu. Alivyosikia nikimwamkia kwa Kisukuma, “mwadila, mayu,” alijua tumetoka upande mmoja, maana yeye ni mzaliwa wa Kishapu. Tangu hapo kikombe changu kilikuwa kinajazwa kabla sijasema neno.

Nyarugusu, kusini mwa Geita mjini, ni mji kwa kelele na kijiji kwa kufahamiana. Alfajiri unaamshwa na makarasha, yale mapipa ya chuma yanayozunguka na magololi ndani yake yakisaga mawe. Barabarani kuna vibanda vya kutuma pesa kwa simu, maduka ya tochi za kichwani na betri, vinyozi, kanisa, msikiti, banda la kuonyesha mpira. Ukiingia nyuma ya nyumba mbili tu, umeshafika kwenye mihogo na mbuzi wa watu. Duara la fulani, yaani shimo lake la dhahabu, likitema usiku, hadi saa mbili asubuhi mji mzima umeshajua, na wenye duka la nguo wamekwishatundika mashati mapya nje. Duara likikauka, nalo linajulikana: muziki unapungua, na kurasa za daftari la Mayu zinajaa.

Jambo lililonishangaza siku ya kwanza ni kwamba katika mji huu unaokalia dhahabu, hela taslimu ni adimu. Wachimbaji wengi hawana mshahara. Mawe yakitoka shimoni hugawanywa kwa mifuko: ya mwenye eneo, ya mwenye duara, ya waliochimba. Mpaka mfuko wako usagwe, uoshwe na ujulikane una nini, unakula kwa mama ntilie, unalala kwa mwenye nyumba, unatibiwa kwa muuza dawa, wote kwa nikipata. Neno hilo moja ndilo linaloendesha mji. Anayedai anadaiwa pia, na mwisho wa mnyororo huo wote yupo kijana mmoja aliye mita kadhaa chini ya ardhi na tochi kichwani.

Mdogo wangu alinipeleka kwenye mwalo nikaone. Unga wa mawe unamiminwa na maji juu ya ubao wenye mteremko, uliotandikwa kitambaa kizito cha kunasa chembe nzito. Kitambaa kinakung'utwa ndani ya karai, inatiwa zebaki, inakandwa kwa mikono mitupu mpaka chembe zishikamane kama donge la ugali wa mtoto. Kisha donge linachomwa kwenye moto wa mkaa, na moshi wake, ambao ni sumu, unapita juu ya vichwa vyetu kana kwamba ni moshi wa mahindi ya kuchoma. Kinachobaki ni kitu cha njano kisichojaza ukucha. Kinapelekwa kwa mnunuzi, siku hizi kwenye masoko ya madini ambayo la kwanza lilifunguliwa Geita mwezi Machi 2019, na huko mizani haijui ulilala na njaa siku ngapi.

Lakini kilichonigusa zaidi ni rundo la tope la kijivu lililobaki pembeni. Wenyewe wanaliita marudio. Zebaki mara nyingi hukamata chini ya nusu ya dhahabu iliyomo; iliyobaki inalala kwenye marudio, ikimsubiri mwenye mtambo wa sayanaidi aje aikamue kwa siku kadhaa. Mchimbaji mdogo mtambo hana, na siku kadhaa pia hana. Anauza rundo lile kwa bei ya kununulia mchele. Mdogo wangu aliuza lake mwaka juzi kwa sababu mtoto alikuwa anaumwa. Aliyenunua alijenga. Mdogo wangu alinisimulia hayo bila uchungu, kama mtu anayeeleza mvua iliyopita, halafu akaongeza: “Kaka, sisi tunakula juu ya chungu. Ukoko wanakula wengine.”

Usiku ule sikulala vizuri. Nilimkumbuka babu yetu na ngitili yake.

Kwa asiyejua, ngitili ni malisho yanayofungwa. Mvua zikianza, Msukuma anatenga kipande cha ardhi na kuacha nyasi na miti viote bila kuguswa. Kiangazi kikikaza, nje kote pamebaki vumbi, ndipo kinafunguliwa, tena kidogo kidogo, kwanza kwa ndama, ng'ombe dhaifu na maksai wa kulimia. Babu alikuwa na ekari chache nyuma ya zizi. Tulipokuwa wadogo tuliziona kama ubahili: ng'ombe wanalia huku, majani yamesimama kule, na mzee amekaa kwenye kigoda anayatazama tu. Aliyepitisha mifugo humo aliitwa kwenye dagashida, baraza la kimila, mbele ya wazee, na faini yake hakuisahau.

Kuna wakati hata hayo yalitaka kupotea. Misitu ilishafyekwa tangu enzi za mkoloni ili kuua mbung'o, pamba ikachukua nafasi, mifugo ikaongezeka, watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa na kuziacha ngitili zao walikotoka. Shinyanga ikafikia kuitwa Jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ulipoanza mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ngitili zilizokuwa zimesalia zilihesabika kwa mamia ya hekta. Hadi mradi unafungwa mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa majani na miti. Wataalamu walisaidia, lakini ujuzi wenyewe ulikuwa wa yule mzee wa kwenye kigoda. Alijua jambo moja: kinachokuvusha kiangazi ni kile ulichokataa kukila wakati wa masika.

Machimbo yana masika yake pia, na yana kiangazi. Mgodi wa zamani wa Geita ulianza miaka ya 1930, ukafungwa 1966; mgodi wa sasa, GGM, ulipoanza uzalishaji mwaka 2000, kizazi kizima kilikuwa kimeshapita. Buzwagi pale Kahama ulifunguliwa 2009, na 2021 uzalishaji ukaisha. Migodi mikubwa ina wahasibu wa kuhesabu siku ya mwisho. Rashi ya wachimbaji wadogo haina mhasibu. Habari ikienea kwamba mahali fulani pametema, turubai zinang'olewa kwa siku mbili, na mji uliokuwa na baa tano unabaki na mbwa na mashimo.

Hata miti haikuachwa nyuma. Maduara yanazuiwa yasiporomoke kwa magogo yanayoitwa matimba, na kila mita ya shimo inadai gogo jingine. Msitu wa juu unashuka chini kushikilia ardhi. Na bado kuna siku haushikilii. Mwezi Oktoba 2015, kule Nyangalata wilayani Kahama, kifusi kiliwafunika wachimbaji. Watano walitolewa hai siku ya 41, wakiwa wameishi kwa mende, vyura, mizizi na maji ya kudondoka. Januari 2017 ilikuwa zamu ya Nyarugusu yenyewe: watu 15 walinaswa chini, na siku ya nne wote 15 wakatolewa wazima.

Nilimuuliza Mayu daftari lake linafanyaje siku kama hizo. Hakujibu. Alilifunua katikati akanionyesha mahali karatasi zilipochanwa, vimebaki visiki vyembamba vinavyoshikiliwa na pini. Nilihesabu vitatu. “Madeni ya hawa sikuyauliza kwa wake zao,” alisema. “Mtu akifia chini, deni lake ninachoma jikoni, chai inachemka, tunakunywa tuliopo.” Kisha akageukia chapati zake.

Nimesikia sana watu wa mjini wakiwacheka wachimbaji: wakipata wanaogea bia, wakikosa wanarudi kulia. Wapo, sikatai, chovya chovya humaliza buyu la asali, na Geita nimeona mabuyu makavu mengi. Lakini ni rahisi kumhubiria akiba mtu aliyeshiba. Mdogo wangu hakuuza marudio kwa ujinga. Aliuza kwa sababu hakuwa na ngitili popote ya kumvusha wiki ile. Babu hakuweka ngitili peke yake. Nyuma yake kulikuwa na dagashida, jirani aliyeheshimu mpaka, na kijiji kilichokubaliana kusubiri pamoja. Kusubiri ni kazi ya wengi. Mmoja akiambiwa asubiri peke yake na mtoto ana homa, huko si kumfunza maisha, ni kumdhihaki.

Siku ya kuondoka nilikwenda kwa Mayu kuaga, nikamwomba anifungulie ukurasa wa mdogo wangu nilipe lote. Ilikuwa shilingi 23,500, chai, chapati na maharage ya karibu wiki tatu. Nilimpa noti mbili na nusu, yaani 25,000, nikamwambia chenji abaki nayo.

Alihesabu, akachukua 20,000, akanirudishia 5,000. Nikamwambia bado 3,500. “Najua,” alisema, akiandika tarakimu hiyo upya chini ya mstari. “Ukimaliza deni lake lote, siku akikosa ataona haya kuja kuanza upya. Atapita kule ng'ambo na njaa yake. Mbakizie.”

Akakifunga kitabu kwa ule mpira wa baiskeli, akaniuliza kama nitakunywa moja ya njiani. Nikasema nitakunywa. Aliuliza ya leo au ya nikipata, na mimi, mwenye noti mfukoni, nilifikiri kidogo, kisha nikamwambia aandike.