Deni la Shukrani

Kiswidi kina neno refu moja, tacksamhetsskuld, ambalo mfasiri akilipasua hupata vipande viwili: shukrani na deni. Kipande cha pili ndicho chenye miba. Skuld kwa Mswidi ni deni la fedha, na neno hilo hilo ndilo hatia ya mkosaji mbele ya hakimu. Basi aliyepokea fadhila asiyoweza kuilipa amesimama, kwa hukumu ya lugha yenyewe, karibu na kizimba.

Familia ya Kimarekani iliyohamia Stockholm huionja maana ya neno hilo kabla ya kujifunza kulitamka. Mama wa familia amemnunulia jirani kahawa mkahawani, na kahawa haijapoa simu yake imeshalia: krona 35 zimerudi kwa Swish, ile njia ya kutumiana fedha ambayo benki za Uswidi ziliianzisha mwaka 2012. Mmarekani huhisi kama aliyesukumwa kifuani. Jirani naye huamini ametenda la heshima, maana hakutaka kumtwika mwenziwe gharama yake. Ni jambo la kikombe kimoja cha kahawa, lakini ndani yake mna swali ambalo wanafalsafa wamelizunguka tangu zama za Wayunani: watu wasiodaiana chochote ni watu huru, au ni watu wasiojuana?

Mwaka 2022 ulizuka mjadala uliovuka mipaka ya Uswidi kuhusu ada ya nyumbani ambayo Waswidi wengi waliikumbuka tangu utoto wao. Mtoto amekwenda kucheza kwa rafikiye. Chakula cha jioni kimeiva. Wenyeji wanakaa mezani kula, na yule mgeni mdogo anabaki chumbani na vitu vya kuchezea, akingoja mwenziwe amalize. Si kila nyumba ilifanya hivyo, na wapo Waswidi walioshangaa sawa na wageni. Msomaji aliyelelewa katika nyumba ambamo mgeni haulizwi kama ana njaa bali huletewa maji ya kunawa, atasitasita kuliamini jambo hili. Atasema: ubahili. Lakini ubahili hauutoshi ufafanuzi wake, kwa kuwa nyumba hizo hizo hazikuwa na uhaba wa chakula. Maelezo waliyoyatoa wengi ni haya: mtoto huyu ana mama, na mama huyo amepika. Kumlisha mwanawe ni kumharibia chakula alichokiandaa, tena ni kumtia katika deni ambalo hakuliomba. Kwa hiyo mtoto huachwa na njaa yake nusu saa ili mamaye abaki na uhuru wake.

Wanahistoria wawili wa Kiswidi, Henrik Berggren na Lars Trägårdh, walilichambua shina la mambo haya katika kitabu walichokitoa mwaka 2006, ambacho jina lake linauliza kama Mswidi ni binadamu. Hoja yao ni kwamba, kwa mizani ya Waswidi, pendo la kweli haliwezekani ila baina ya watu wasiotegemeana. Pale mmoja anapomhitaji mwingine ili apate kula, pendo limeshaingiwa na doa. Mfano wao mmoja ni Pippi Långstrump, yule mtoto wa hadithi za Astrid Lindgren aliyetokea mwaka 1945, akaaye peke yake na farasi na kima, asiye na mzazi wa kumwamuru. Ni mkarimu kupita kiasi. Hata hivyo inafaa ikumbukwe kwamba Pippi ana sanduku lililojaa sarafu za dhahabu, na bila ya sanduku hilo ukarimu wake ungekuwa hadithi nyingine.

Sanduku la Waswidi ni dola yao. Tangu mwaka 1971 mume na mke hutozwa kodi ya mapato kila mmoja kwa jina lake. Mwaka 1974 nchi hiyo ilikuwa ya kwanza duniani kuigeuza bima ya mama mzazi kuwa bima ya wazazi wote wawili. Leo kila mtoto ana siku 480, na katika hizo siku 90 ni za kila mzazi peke yake, asizoweza kumpa mwenziwe. Mwanafunzi wa chuo kikuu hupewa ruzuku na mkopo kwa jina lake, pasipo kuulizwa baba yake anapata kiasi gani. Mzee asiyejiweza huhudumiwa na halmashauri ya mji, na sheria haiwalazimishi watoto wake wazima kumlisha. Sheria hizi zote zinakata kamba ya uhitaji iliyomfunga mtu kwa jamaa zake, na kumfunga kila mmoja moja kwa moja kwa dola. Baba wa Kimarekani anayesukuma kigari cha mtoto bustanini saa nne za asubuhi, siku ya Jumanne, katikati ya akina baba wengine wenye vigari vyao, hapati sifa kutoka kwa yeyote. Kwao alikotoka sheria ya taifa ya mwaka 1993 ingempa wiki kumi na mbili pasipo malipo, na hizo nazo si kwa kila mfanyakazi.

Na huyu Mmarekani alidhani yeye ndiye bingwa wa kujitegemea! Shuleni alisomeshwa insha ya Emerson ya mwaka 1841 inayosifu sifa hiyo, na akasimuliwa habari za Thoreau aliyejenga kibanda chake kando ya ziwa Walden ili aishi kwa jasho lake. (Ardhi ilikuwa ya Emerson.) Lakini nyumba ya Kimarekani, ikichunguzwa vizuri, imeshonwa kwa uzi wa uhitaji. Bima ya matibabu, kwa mamilioni ya watu, hutoka kwa mwajiri, na mwenzi hujisitiri chini ya bima ya mwenziwe. Mke anayewaza kuondoka hana budi kuhesabu pia bei ya dawa zake. Msaada wa masomo ya kijana hupimwa, kwa kawaida, kwa kipato cha wazazi. Na mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya jimbo la Pennsylvania iliidhinisha hukumu kwamba mwana alipe kama dola 93,000 za nyumba ya wauguzi alimotunzwa mama yake, kwa sheria ya jimbo inayowataka watoto kuwakimu wazazi wasiojiweza. Mama mwenyewe alikuwa ameshahamia Ugiriki.

Je, mwana yule alimpenda mama yake? Mahakama haikuwa na haja ya kujua. Dola zile zile, zingetoka kwa mkono wake mwenyewe, zingeitwa ihsani. Zilipotoka kwa amri zilifanana na faini. Hasara ya kweli iko hapo, nayo si ya fedha. Pale haja na shuruti zinaposukwa pamoja na mapenzi, hata mtendaji mwenyewe hushindwa kutenganisha nyuzi. Mwanamke aliyekaa na mumewe miaka ishirini, bima ikiwa mojawapo ya sababu, yumkini alimpenda kila siku ya miaka hiyo. Hana njia ya kulijua hilo kwa yakini, wala mumewe hana. Sheria ya Waswidi inawapa watu wa nyumba moja elimu hii adimu: aliyebaki, amebaki kwa kupenda. Katika hili Waswidi wamesibu, na anayewacheka kwa ajili ya upweke wa wazee wao hana budi kwanza kujibu ni wazee wangapi wa kwao wanaotembelewa kwa kuogopa lawama.

Lakini mezani wamekosea. Lugha ya Kiswahili ina neno bure, ambalo ni kisicholipiwa na papo hapo ni kisicho na faida, na wenye lugha hawakuona taabu kuyaacha maana hayo mawili yalale kitanda kimoja. Ina pia neno mwungwana. Asili yake ni mtu huru, asiyemilikiwa, na neno lilikua kando ya utumwa, jambo ambalo si la kufichwa. Hata hivyo maana iliyobaki midomoni si mtu asiyemhitaji yeyote. Ni mtu anayejua kutoa bila kusimanga na kupokea bila kujikunja. Aristotle alimchora mtu wake mwenye nafsi kubwa kuwa ni mwenye kuona haya kupokea hisani. Mwungwana angemwona huyo kuwa bado ana kitu cha kujifunza. Kant naye alifundisha kwamba deni la shukrani halilipiki likaisha, kwa kuwa aliyetangulia kutoa alitoa pasipo kudaiwa, na kutangulia huko hakufikiwi tena. Kwa sababu hiyo hiyo Kant akaliita takatifu, na Mswidi akalikimbia.

Liko deni ambalo mtu hakuweza kulikataa, na liko analoliingia kwa hiari yake. Anayefungwa na la kwanza ni mtumwa kwa kiasi chake. La pili, la sahani ya wali au kikombe cha kahawa, lina faida yake katika kutolipwa leo: limeacha sababu ya kurudi. Kulipa papo hapo ni kufunga hesabu, na hesabu hufungwa na mteja anayeondoka.

Mama wa Kimarekani, baada ya miaka minane ya ughaibuni, huishi katikati ya mizani hizi. Mwanawe wa miaka kumi, aliyezaliwa Boston, anakataa chakula cha majirani kwa adabu kamili ya Kiswidi: nyumbani wamepika. Mama yake mzazi anazeeka ng'ambo ya bahari, katika nchi ambayo bima ya wazee, Medicare, hailipii makazi ya muda mrefu katika nyumba ya wauguzi. Na ghorofa ya chini anaishi bikizee wa Kiswidi ambaye mtumishi wa halmashauri humjia asubuhi, mchana na jioni, kumpa dawa na kumpashia chakula. Bikizee huyo hakosi kitu. Hata hivyo, jioni moja ya Novemba, saa kumi giza likiwa limeshatanda, Mmarekani anamshushia sufuria ya supu.

Anaipokea baada ya kusita. Siku ya tatu sufuria inarudi, imesuguliwa mpaka inang'aa, na ndani yake mna chupa ya jamu ya matunda ya msituni, ambayo bikizee ameipika mwenyewe. Mmarekani anasimama mlangoni nayo, asijue kama hesabu imefungwa au imefunguliwa. Kisha anaitazama chupa, na kuona kwamba ni ya kioo kinene, yenye kifuniko cha chuma cha zamani: chupa ambayo mwenyewe bila shaka atataka irudi.