Tarehe Mbili Katika Waraka Mmoja



Watu wengi wakisikia neno dhulma humfikiria mwenye nguvu aliyemkamata mnyonge koo. Lakini dhulma nyingi hazina makelele hayo. Hukaa kimya ndani ya karatasi, pale palipoandikwa tarehe, na pengine hata aliyeiandika hakukusudia kumdhulumu mtu.

Jioni moja baada ya sala ya Alasiri alinijia barazani kijana wa mtaani kwetu hapa Mombasa, niliyemsomesha Juzuu Amma akiwa mdogo. Kazi yake ni tarjuma. Hufasiri kwa Kiswahili matangazo ya hospitali na maelezo ya madawa. Hakuajiriwa na mtu. Huchukua kazi kwa mkataba kutoka ofisi ya wakala, na wakala ndiye anayezungumza na wenye kazi, akapokea fedha kwao, akakata fungu lake, kisha akamlipa. Watoto wetu wengi leo wanaishi hivi, na wazazi wengi hawajui hasa watoto wao wanafanya nini mbele ya kompyuta usiku kucha. Basi wajue kuwa hii ni ijara, mlango mkongwe katika vitabu vya fikihi, ila duka limebadilika.

Akanambia, "Maalim, nimedhulumiwa." Nikamwambia, "Kaa kitako, hebu nihadithie tangu mwanzo, wala usiniruke siku hata moja."

Khabari yenyewe ni hii. Tarehe 20 Februari alipigiwa simu na ofisi ile, akaambiwa kuna kazi ya miezi mitatu, ujira wa kila mwezi, ianze tarehe mosi Machi. Akakubali, na kwa ajili hiyo akaikataa nafasi ya kusomesha katika skuli moja. Machi ikaingia, kazi haikuletwa. Tarehe 18 ukaja waraka wa mkataba ambao juu umeandikwa tarehe mosi Machi, akatia sahihi. Kazi yenyewe akaipata tarehe 22. Akaifanya mpaka mwisho wa Mei, akaambiwa mkataba umekwisha. Ulipokuja ujira, kwa mwezi wa Machi walimlipa siku kumi tu, kuanzia ile 22. Alipouliza akajibiwa kuwa hizo ndizo siku alizofanya kazi.

Umeona, ewe msomaji? Ilipokuwa ni kumaliza mkataba, walihisabu tangu tarehe mosi. Ilipokuwa ni kulipa, walihisabu tangu tarehe 22. Mwenyezi Mungu Mtukufu ameiteremsha sura nzima kwa jina la watu wa namna hii, Suratul Mutaffifin, wale ambao wakijipimia kwa watu hutaka kipimo kitimie, na wakiwapimia wengine hupunguza. Tumezoea kuisoma tukimfikiria muuza mchele na pishi yake. Lakini kalenda nayo ni pishi, na siku za mtu ni mali kama mchele, bali zimeupita, kwani mchele ukipungua hununuliwa mwengine.

Nikamwambia kijana, "Haki yako iko wazi. Sasa nambie wewe wadai nini." Akanitolea barua aliyokwisha kuiandika. Alikuwa anadai Machi nzima, kwa kuwa mkataba wasema tarehe mosi. Na alikuwa anadai vilevile ujira mpaka tarehe 21 Juni, kwa kuwa miezi mitatu tangu alipoipokea kazi huishia hapo.

Nilinyamaza kidogo. Khalafu nikamwambia, "Mwanangu, nawe unazo tarehe mbili."

Hakupendezwa. Alikuja kwangu apate mtu wa kumwunga mkono, akakuta anapimwa kwa pishi ileile aliyowapimia wenzake. Lakini ndivyo ilivyo. Ikiwa mkataba ulianza tarehe mosi Machi, umekwisha tarehe 31 Mei, na wanatakiwa wamlipe miezi mitatu kamili. Ikiwa ulianza tarehe 22, basi Machi ana siku kumi, na muda wake ulikuwa uendelee mpaka 21 Juni. Kila njia ina hoja yake. Anayechukua mwanzo wa njia hii na mwisho wa ile, awe wakala au awe kibarua, anakula cha mwenziwe.

Sasa, ipi katika tarehe hizi mbili ndiyo ya haki? Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, maana mas-ala haya ya neno na karatasi, lipi latangulia, yalimfika Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe, na kwa uchungu mkubwa zaidi kuliko wa fedha.

Mwaka wa 6 wa Hijra, yaani 628, waraka wa sulhu ya Hudaybiya ulikuwa unaandikwa baina ya Mtume na Suhail bin Amr, mjumbe wa Makureshi. Moja katika masharti yaliyozungumzwa ni kuwa atakayekimbia Makka kuja kwa Waislamu arejeshwe. Wino haujakauka, bali waraka haujakwisha, akatokea Abu Jandal, mtoto wa huyohuyo Suhail, amesilimu, amefungwa minyororo, anajikokota. Suhail akasema kuwa huyu ndiye wa mwanzo wa kurejeshwa. Mtume akamwambia kuwa waraka bado haujamalizika kuandikwa. Suhail akashikilia kuwa ikiwa ni hivyo hakuna sulhu yoyote. Mtume akamwomba amwachie mtu huyu mmoja tu, akakataa. Na Abu Jandal akarejeshwa, huku Waislamu wanatazama na nyoyo zinawapasuka.

Angalia uzito wake. Karatasi ilikuwa haijakamilika, na mwenye kutafuta mlango wa kutokea angeupata hapo. Lakini maneno yalikuwa yamekwisha pita, na kutokea kwake kungebomoa makubaliano yote. Wengi wetu hufanya kinyume. Mdomo ukitufaa twasema tulikubaliana kwa mdomo, na karatasi ikitufaa twasema karatasi ndiyo hii.

Kwa hivyo nilimwambia kijana kuwa mimi naona tarehe mosi Machi ndiyo yenye nguvu. Ilisemwa katika simu, ikaandikwa katika waraka, akatia sahihi mwenyewe hali akijua siku kumi na saba zimekwisha pita. Na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wametaja katika mlango wa ijara kuwa mtu akikodi nyumba au mnyama, akakabidhiwa, akakaa naye mpaka muda ukapita, kodi imemlazimu hata kama hakumtumia. Nyumba haina kosa kwa kuwa mpangaji hakulala ndani. Kwa kipimo hicho, kibarua wa muda aliyejiweka tayari, akangoja, hana kosa ikiwa kazi haikuletwa.

Ofisi ilijitetea kuwa aliyechelewa ni mwenye kazi, sio wao. Hoja hii haina miguu. Kijana hakuandikiana na mwenye kazi. Hamjui hata jina. Wakala amekaa katikati na anakula faida ya kukaa katikati, na faida hufuatana na dhamana. Siku ya neema akisema "mteja ni wangu", siku ya khasara asiseme "mteja ni wenu".

Lakini nimesema: aliyejiweka tayari, akangoja. Basi nikamwuliza, "Zile siku ishirini na moja, mwanangu, ulikuwa umekaa ukiwangoja?" Akainama. Akasema kuwa siku kumi katika hizo alizifanya kazi ya mtu mwengine, akalipwa, na wakala alipompigia simu katikati yake alimwomba amsubiri kidogo.

Sitaki kumhukumu kwa ukali. Mtu ana mama na ada za wadogo zake, na kazi haijaja, atakula nini? Ila mkataba wake ulikuwa wa mwezi na saa nane kwa siku, sio wa kulipwa kwa kurasa, na anayeuza siku zake hawezi kuziuza mara mbili. (Fundi wa kushona anayelipwa kwa kanzu ni khabari nyengine, huyo siku ni zake, deni lake ni kanzu. Maulamaa wetu wameogopa hata kuyachanganya mawili haya, kumkodi fundi kwa kanzu hii na kwa siku hii pamoja, kwa sababu moja ikiwahi nyengine hubaki ugomvi. Aliyesoma Minhaji ya Imamu Nawawi atakumbuka. Laiti wenye kuandika mikataba ya siku hizi wangeisoma!) Nikamwambia kuwa haki yake katika Machi ni zile siku kumi na moja alizongoja, zaidi ya kumi alizokwisha lipwa. Zile nyengine azifute kwa mkono wake, wasipojua wao, ajua Mwenyezi Mungu.

Aliondoka bila ya kusema kitu. Nilidhani hatarudi.

Na mimi nilikaa pale nikikumbuka langu, ambalo sikumwambia. Yapata miaka thalathini iliyopita nilimwandikia jirani yangu mmoja na fundi wa mashua mapatano yao. Nikaandika kwa mkono wangu kuwa kazi itamalizika "baada ya Idi". Mwenye mashua alikusudia Idi ya Mfunguo Mosi, na fundi akafahamu Idi kubwa, ya Mfunguo Tatu. Baina yao ni miezi miwili na siku tisa, na miezi hiyo mwenye mashua hakuvua. Niliona haya kuuliza Idi ipi, kwa kuwa wote wawili walikuwa watu wazima wanaoheshimiana. Waliacha kuamkiana, na mmoja akafa kabla hawajapatana. Niliifuata jeneza ile nikijua iliyokuwamo ndani yake ni sehemu ya kosa langu.

Na lau ningelikuwa na akili siku ile, ningelikumbuka khabari ya Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.). Imepokewa kuwa aliletewa waraka wa deni ulioandikwa kuwa litalipwa Shaaban, akauliza: Shaaban ipi, iliyopita, hii tuliyo nayo, au ijayo? Akawakusanya Masahaba, ikakatwa shauri kuhisabu miaka tangu Hijra ya Mtume na kuanza mwaka kwa Muharram. Hayo yalikuwa yapata mwaka wa 17. Kwa hivyo hii tarehe ya Kiislamu tunayoitundika ukutani, moja katika sababu zake zinazotajwa ni ugomvi wa tarehe katika karatasi ya fedha! Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, ni amri ya kuandika deni la muda uliotajwa, pamoja na mwandishi mwadilifu na mashahidi, na kutochoka kuliandika likiwa dogo au kubwa. Kuandika sio kumdhania mwenzio ubaya. Nabii Musa alipopatana na mzee wa Madyana, mtu mwema na mkwewe mtarajiwa, walitaja miaka minane waziwazi, na kumi ikiwa ni hisani yake.

Khasa sisi watu wa pwani tunahitaji hadhari. Mzee akisema "usiku wa Ijumaa" ana maana usiku wa kuamkia Ijumaa, maana siku kwake huanza jua likichwa; ofisi huanza siku yake saa sita ya usiku. Na ule waraka ulioandikwa tarehe mosi ukatiwa sahihi tarehe 18, mtu aweza kuufanya bila ya uwongo: uandikwe kuwa mkataba unaanza mosi, kisha chini, penye sahihi, iandikwe siku ya kweli ya kutia sahihi. Kuandika kuwa umetia sahihi siku usiyotia ni ushahidi wa uwongo, hata ukiambiwa ni utaratibu wa ofisi.

Wapo watakaouliza: na wakala akikataa? Asiende kwa Kadhi, maana Katiba ya Kenya ya 2010 imemwekea Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Ipo Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria yake ni ya 2016 na ilianza kusikiliza kesi 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na imetakiwa ihukumu ndani ya siku 60. Huko, kama kwetu, ushahidi ni juu ya anayedai. Basi usifute ujumbe wa simu, na ukizungumza na mtu kwa mdomo, mwandikie jioni ileile uliyofahamu.

Baada ya siku tisa kijana alirudi. Alikuwa amechana barua ya kwanza. Ya pili ilidai siku kumi na moja za Machi peke yake, na ndani yake ameeleza kwa nini siku kumi nyengine hazidai. Nikamwuliza kama imemwuma. Akasema, "Imeniuma, Maalim." Akanionyesha jibu katika simu yake: ofisi imekubali, na fedha italipwa mwisho wa mwezi.

Nikamwuliza, "Mwezi upi?"

Akanitazama, akacheka, akaanza kuwaandikia palepale barazani.