Subira ni ya Mama Peke Yake?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, nataka tuulizane suala moja. Maradhi yanapoingia nyumbani, sisi wanaume na majirani huenda kumpa pole mama, tukamwambia, "Subiri," kisha tukarudi makwetu. Je, tukishalisema neno hilo, tumetimiza wajibu wetu?

Nilikuwa na mwanafunzi wa miaka tisa, mwepesi wa kuhifadhi. Ghafla akaanza kuomba ruhusa ya kwenda haja ndogo mara nne, mara tano katika darasa moja, na kila akirudi hupita mtungini akanywa maji. Akakonda. Mimi nikadhani ni hila za mtoto asiyetaka kusoma, nikamkemea mbele ya wenziwe na kumkataza kutoka. Siku ya tatu hakuja chuoni. Alikuwa hospitali, hajitambui, anahema kwa nguvu, na madaktari wakasema ni maradhi ya sukari. Mwenyezi Mungu alimjaalia uzima, lakini kemeo langu lile sijalisahau.

Wengi wetu hudhani maradhi haya ni ya watu wazima. Ya mtoto huyu ni ya namna nyingine. Kongosho lake limeacha kutoa insulini, ambayo ndiyo huipisha sukari ya chakula iingie mwilini iwe nguvu. Hayakuletwa na halua wala visheti, wala mama hakukosea malezi. Kabla ya insulini kupatikana huko Toronto, Kanada, mwaka 1921, mtoto wa namna hii hakutarajiwa kuishi muda mrefu. Mgonjwa wa kwanza kudungwa, Januari 1922, alikuwa mvulana wa miaka 14. Leo mtoto akidungwa kila siku na kuangaliwa vyema, husoma, huoa na hulea.

Lakini neno "kila siku" ni jepesi mdomoni tu. Mama humtoboa mwanawe kidole apime sukari, akamdunga, akampimia wali wake. Chupa ya dawa huihifadhi ndani ya chungu cha udongo kinacholowa maji, isiharibiwe na joto. Usiku huamka akampapasa kama anatoka jasho, kwani sukari ikishuka mno mtoto hutetemeka, na pengine akazimia. Na mtoto hulia, "Mama, leo tuache." Siku moja mama huyu aliniambia, "Maalim, sindano si kitu. Linaloniuma ni kuwa mimi ndiye ninayemdunga, na wengine wote humpa pole na peremende."

Juu ya hayo, wako waliomwambia kuwa sindano za daima ni upungufu wa tawakali, aziache, mtoto anyweshwe kombe. Nasema wazi: dua ni ibada, wala hapana anayeikataza. Lakini mtoto huyu akinyimwa insulini hufa, pengine kwa siku chache tu. Mwili wake ni amana, na amana haifanyiwi majaribio. Wengine walimtisha kuwa dawa ina nguruwe. Ni kweli kuwa zamani insulini ilitolewa katika ng'ombe na nguruwe. Lakini tangu mwaka 1982 imepatikana ile inayotengenezwa kwa vijidudu, na hiyo ndiyo iliyoenea leo.

Ama tawakali, tuitazame kwa wenyewe. Nabii Ayyub (A.S.) ndiye mfano wa subira, na alipoomba aliamrishwa aupige mguu wake chini, yakatoka maji ya kuoga na kunywa. Hata yeye alipewa kazi ya kufanya. Na Bibi Hajar, aliyeachwa jangwani na mwana mchanga, alikuwa na yakini kuwa Mola hatawapoteza, na juu ya yakini hiyo alikimbia mara saba baina ya Safa na Marwa kutafuta maji. Yakini yake ndiyo iliyomkimbiza.

Sasa zingatia, ndugu yangu. Mbio zile zilikuwa za mama mmoja, peke yake. Mwenyezi Mungu akazifanya ibada ya umma mzima. Mpaka leo wafalme na maskini, wanaume kwa wanawake, hufuata nyayo zake. Basi vipi tukaifuata njia ya Bibi Hajar tukiwa Makka, na tukirudi mitaani kwetu tukamwacha mama mwingine akimbie peke yake?

Baba na ajifunze kudunga, ashike zamu yake ya usiku. Nyanya na shangazi wasimpe mtoto vitamu kwa siri kwa kumhurumia. Mwalimu aijue kiu ile, kwenda haja kule na kukonda kule, amwite mzazi siku hiyo hiyo. Mtoto akitetemeka na kutoka jasho, apewe sukari upesi kama anaweza kumeza. Akiwa amezimia asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Na Ramadhani isiwe mwezi wa kumtia haya: asiyebaleghe halazimiki kufunga, na mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake. Mtoto mwenyewe aambiwe kweli, afundishwe kidogo kidogo, ili akikua ajidunge bila ya kujificha.

Kijana wangu yule sasa hujidunga mwenyewe. Na mimi, kando ya misahafu, naweka chupa ya sukari, na anapoomba ruhusa ya kutoka simuulizi. Ni kidogo mno, lakini tangu hapo naona haya kumwambia mama mtu "subiri" nikiwa mikono mitupu.

Mwenyezi Mungu awape shifaa watoto wetu, awape nguvu mama zao, na atuondolee sisi uvivu wa kusaidia. Amin.