"Namtolerate Tu"

Andiko: Waefeso 4:1-3; Ufunuo 2:1-4



Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya pili, nilimsikia ndugu mmoja akimwambia mwenzake pale mlangoni, "Huyo mimi namtolerate tu." Alikuwa anamsema mtu ambaye wameimba kwaya moja miaka mingi. Nilicheka, lakini usiku neno hilo likanisumbua.

Hii tolerance tumeizoea. Tangu 2003 tumesikia serikali ikisema zero tolerance kwa ufisadi (yaliyofuata mnayajua wenyewe), na kila uchaguzi ukikaribia tunahimizwa tuwe na tolerance kwa makabila mengine. Asili yake ni Kilatini, tolerare, yaani kubeba mzigo, kustahimili. Neno lenyewe halikuulizi kama unaupenda huo mzigo. Ndiyo maana unaweza kumtolerate mtu miaka kumi na usijue mtoto wake amelazwa.

Sasa muangalie Paulo. Yuko kifungoni, anawaandikia Waefeso, na Biblia yetu ya Kiswahili inatumia neno kuchukuliana, kisha papo hapo linatajwa pendo. Kuchukua ni kazi ya mabega. Na hiyo "-ana" ya mwisho inamaanisha leo mimi nakubeba, kesho wewe unanibeba. Mzigo haukai kwa mtu mmoja.

Ukienda Ufunuo 2, kanisa ni hilo hilo la Efeso, neno ni hilo hilo, ila sasa Yesu anawasifu kwa sababu hawawezi kuchukuliana na watu wabaya. Waliwajaribu waliojiita mitume wakawakuta ni waongo. Je, Biblia inajipinga? Hapana. Udhaifu wa ndugu yako unaubeba. Ubaya unaoumiza watu huubebi, unausimamisha. Na msisahau mstari wa nne, maana Waefeso hao hao wanakemewa kwa kuacha upendo wao wa kwanza. Kuna watu wanajua kusimamisha ubaya vizuri sana, lakini hawampendi mtu.

Hapa nina jambo la kukiri. Miaka kadhaa iliyopita dada mmoja alinijia akasema mumewe anampiga. Nilikuwa mgeni katika huduma, nikaogopa kuambiwa nimevunja nyumba ya watu. Nikamwambia, "Dada, vumilia, tutaomba." Tukaomba, nikamsindikiza hadi steji. Baada ya wiki tatu alirudi mkono ukiwa kwa plasta. Hakunilaumu. Alisema tu, "Pasta, nilivumilia."

Nilikuwa nimembebesha peke yake mzigo ambao kanisa zima lilipaswa kuuinua pamoja naye. Ngumi za yule mwanamume hata mimi nilizivumilia, ila hazikuwa zinaniangukia mimi. Nilitubu mbele za Mungu, kisha nikamwomba yule dada msamaha, na la pili ndilo lililokuwa gumu.

Ndugu wa kwaya, unajijua. Mpigie mwenzako simu leo umuulize habari za nyumbani.

Na dada yangu, kama kuna mtu wa kanisa hili aliyekuambia uvumilie kipigo, hata kama ni mimi, usingoje Jumapili. Piga 1195, ni bure. Jumatano kuanzia saa nane nitakuwa ofisini pamoja na mama mchungaji. Njoo, na kama huna nauli tuambie.