Kiongozi wa Kundi Hutangulia Kusikiliza

Mwaka 1991 wanafunzi 12 walikaa na Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, nyumbani kwake Dar es Salaam, wakazungumzia yanayowakera katika mazingira yao. Hapo ndipo ilipozaliwa programu ya Roots & Shoots, ambayo leo imeenea katika nchi nyingi. Kazi ilitanguliwa na mazungumzo.

Wewe mwanafunzi uliyechaguliwa kuongoza wenzako siku ya usafi, Kibirizi au Ujiji huko Kigoma, anzia hapo. Siku moja kabla, nenda mwaloni ukawasalimu wavuvi na akina mama wanaoanika dagaa. Waulize: Taka zipi zinawasumbua? Mitumbwi inarudi saa ngapi? Nyavu zile zilizochakaa ni za nani, zitupwe au zishonwe? Kisha hesabu glavu, reki na viroba, umuulize mtendaji wa mtaa taka zitapelekwa wapi, na umpe kila mwenzako kazi anayoiweza.

Anayejitolea bila kuuliza huwaachia wenyeji kazi ya pili. Anayeuliza kwanza huwapata wenyeji hao hao wakishika reki pamoja naye, na siku ya usafi inayofuata huendelea wenyewe.