Bunduki Ilikuwa Yetu

Mbwa niliyekuwa nikimtembeza kule Lavington aliitwa Bosco. Ni springa spanieli, mweupe mwenye mabaka ya kahawia, masikio yakimning'inia hadi shingoni. Kilikuwa kibarua cha kujazia pale uandishi unapokataa kulipa kodi ya keja.

Kila asubuhi kwarara, wale ndege wa kelele wanaoamsha Nairobi nzima, walitua kwenye nyasi. Bosco hakuwakimbilia moja kwa moja. Alienda kushoto, akarudi kulia, pua chini, mkia ukipepea, akauchana uwanja wote mpaka wakaruka. Kisha alisimama akanitazama, kama anauliza: sasa je?

Hakuna aliyemfundisha. Alinunuliwa akiwa mdogo ili acheze na watoto. Lakini mababu zake kule Uingereza walizalishwa kwa kazi hiyo hiyo, kufurusha ndege vichakani. Kabla ya bunduki, ndege aliyefurushwa alinaswa kwa wavu au kwa mwewe wa kufugwa. Bunduki ilipokuja, mbwa aliendelea na kazi yake. Zamani hata waliozaliwa tumbo moja waligawanywa kwa ukubwa, wakubwa wakaitwa springa na wadogo koka. Springa alitambuliwa rasmi kama aina ya peke yake mwaka 1902. Watu walichagua nani azae na nani, kizazi baada ya kizazi, mpaka hamu ya kusaka ikaingia damuni. Halafu tukamfungia ndani ya geti ambapo hakuna wa kufyatua risasi.

"Huyu mbwa anaonewa," mzee soja aliniambia. "Wamemzaa na kazi, halafu wakamnyima kazi."

Maneno hayo yalinishika pabaya. Mathe aliuza mboga ili nisomee uhasibu. Tangu darasa la pili niliitwa "mhasibu wetu". Watu walinichangia kwenye harambee. Mwaka wa tatu nikaacha chuo. "Nilikulea kwa hiyo kazi," aliniambia, bila hasira, na ndiyo maana iliuma.

Basi swali ni hili: ukitengenezwa na wengine kwa kazi fulani, una deni la kuifanya?

Jibu la haraka ni hapana, kila mtu ajiamulie. Lakini Bosco analiharibu jibu hilo. Ukimnyima kusaka hawi huru, anatafuna viatu na kubweka mpaka majirani walalamike. Haja aliyopandiwa na watu bado ni haja yake, na akiipata, furaha ni yake pia.

Jibu la pili ni kumpa bunduki, arudi alikotoka. Hilo nalo lilianguka siku nilipoficha mpira wa tenisi chini ya majani makavu. Alizunguka, akanusa, akaupata, akaniletea huku mwili mzima ukitikisika. Hakuna ndege aliyekufa. Springa mmoja wa jeshi la Uingereza, Buster, alifichua silaha zilizofichwa nchini Iraq, akatunukiwa Nishani ya Dickin mwaka 2003. Ni pua ile ile. Kusaka ni kwa mbwa, bunduki ilikuwa yetu.

Kwa hivyo naona deni liko kwa aliyepanda haja. Ukimtaka mbwa huyu kwa sababu ya yale masikio kwenye picha, kubali pia zile saa mbili za kukimbia kila siku, mvua au jua. Huwezi? Usimnunue. Yeye hakuomba kuzaliwa hivyo, na hana mdomo wa kukudai.

Mimi ninao mdomo, na hapo ndipo mimi na Bosco tunaachana. Zile pesa za harambee zilitoka kwa watu ambao nao hawakuwa nazo. Nawadai msamaha, na wao wananidai shukrani. Sidhani wananidai maisha yangu. Lakini siwezi kusema kwamba sikuchukua chochote. Ni mathe aliyenifundisha kuhesabu chenji mara mbili kabla ya kufunga kibanda, na hadi leo sentensi zangu nazipitia hivyo hivyo.

Jioni moja nilimpigia.

"Siku hizi unafanya nini?"

"Natembeza mbwa, mathe. Na naandika."

Akanyamaza kidogo. "Wanakulipa?"

"Kidogo."

"Basi uwe unahesabu vizuri."