Siri, Sitara na Simu

Mji wa Songea, makao makuu ya mkoa wa Ruvuma, umebeba jina la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Vita vya Majimaji. Makumbusho ya mjini humo yanamuenzi yeye pamoja na wenziwe. Jeraha lililotoka kwa adui hujengewa mnara na kutungiwa mashairi. Je, jeraha ambalo kijana amejitia kwa mkono wake mwenyewe, kisha akalifunika kwa nguo na kwa kimya, hilo tunalijengea nini?

Kujijeruhi si lazima kuwe ni kutaka kufa. Aghalabu ni njia ya kuipunguza dhiki iliyokosa maneno. Hata hivyo si jambo la kupuuzwa, kwani mwenye kulirudia yumo katika hatari kubwa zaidi. Naye huogopa mengi: fimbo, kicheko, na hata sheria, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu iliyotungwa zama za ukoloni ililihesabu jaribio la kujiua kuwa ni kosa. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kuwa kifungu cha namna hiyo kinapingana na katiba.

Huko Uingereza, Profesa Paul Stallard na wenziwe walibuni programu ya simu iitwayo BlueIce. Ndani yake mna shajara ya hali ya moyo, muziki, picha na mazoezi ya kuvuta pumzi. Na kijana akibaki na hamu ya kujidhuru, humwelekeza kwenye namba za watu wa kuwapigia. Katika utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2018, wengi wa waliokuwa wakijijeruhi walisema wamepunguza au wameacha. Lakini vijana hao walikuwa pia wakihudumiwa na wataalamu, na hapakuwa na kundi la kulinganishia.

Hapa ndipo penye swali la maadili. Je, ni haki kumkabidhi mtoto siri yake kwa chombo? Mtetezi atasema kuwa simu haisengenyi wala haikaripii. Ni kweli, lakini amini ni yule awezaye kuitoa siri, naye akajizuia. Chombo hakina hiari hiyo, basi hakisifiwi kwa uaminifu. Tena yaliyoandikwa humo yaweza kusomwa na wenye programu. Na katika nyumba ambayo simu ni moja, ya mama na watoto, yaweza kusomwa na yeyote.

Sisi watu wa pwani tunaitukuza sitara, nasi twafanya vyema. Ila sitara ni kufunika aibu, si kufunika moto. Rafiki wa kweli hutambua saa ya kuitunza siri na saa ya kuipeleka kwa mwenye uwezo wa kuokoa, hata akilaumiwa. Hukumu hiyo yahitaji moyo.

Basi tuzitupe programu hizi? La hasha. Usiku wa manane, watu wazima wamelala, chochote kiuzuiacho mkono hata kwa robo saa kina thamani. Kipimo chake ni kimoja: je, kinamrudisha mtoto kwa watu, au kinamzoesha kuishi bila wao? Programu njema ni ile inayoishia kwenye sauti ya binadamu. Tanzania, Bara na Visiwani, namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bila malipo. Lakini baada ya simu kukatwa, Songea au Unguja, lazima abaki shangazi, bibi au mwalimu wa kuuliza pasi na kufoka, na kusikiliza pasi na kuhutubu.

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Methali hii tumezoea kumtupia mgonjwa. Kabla ya kumlaumu tena, natujiulize: siku alipotaka kuyafichua, alimwona nani?